Kusini ya Sofala: Siku Mbili Peke Yangu Katika Pwani ya Durban

Manahodha wa zamani wa Kilwa, Mombasa na Unguja waliijua bahari yao kwa pepo zake kabla hawajaijua kwa ramani. Kaskazi ilipoanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka iliwaletea wageni wa Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliposhika zamu iliwarudisha makwao na shehena za pembe na boriti. Lakini utaratibu huo mwema ulikuwa na mpaka wake, kwani kadiri chombo kilivyoteremka kusini ndivyo pepo zile zilivyopungua nguvu na kusahau majira yake, hata Sofala, iliyo katika Msumbiji ya leo, ikawa ndiyo kikomo cha biashara ya majahazi. Mbele ya hapo palikuwa na mkondo mkali wa maji unaoteremka kusini, ambao siku hizi huitwa Agulhas, na pwani ndefu iliyonyooka, yenye mawimbi mazito na bandari chache. Kwa sababu hiyo msafiri wa leo katika pwani ya Durban haoni magofu ya misikiti ya mawe, wala makaburi yenye minara, wala milango ya nakshi. Bahari ni hiyo hiyo ya Hindi, na maji yake yana uvuguvugu, lakini upepo wetu haukupata kufika huko kwa ahadi ya kurudi.

Nilikuwa nimesikia tangu zamani kwamba Durban wako watu wanaoitwa Wazanzibari, ambao si wafanyabiashara waliohamia juzi, bali ni jamaa walioishi huko vizazi kadhaa. Na sikuacha kujiuliza walifikaje mahali ambapo jahazi halikufika. Basi mwezi wa Julai, katika mwisho wa juma mmoja, nilikodi gari dogo nikaamua kuifuata pwani ile peke yangu: Jumamosi kwenda kaskazini hata mto Thukela, Jumapili kwenda kusini hata Port Shepstone, na jioni ya siku ya pili kuwatafuta Wazanzibari wenyewe.

Mtu wa Afrika Mashariki hapati taabu kubwa ya kuendesha huko, maadamu magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, na barabara kuu, ile iitwayo N2, ni pana na laini, yenye vituo vya kulipia ushuru wa njia. Taa za kuongozea magari wenyeji huziita roboti, neno ambalo humshangaza mgeni anapoambiwa akate kulia penye roboti ya pili. Kwenye vituo vya mafuta hushuki kujijazia mwenyewe, kwani yuko kijana wa kukujazia, kukufutia kioo na kukupimia upepo wa matairi, naye hutarajia bakshishi ndogo. Walakini asafiriye peke yake ana wajibu wa kuwa mlinzi wa nafsi yake: afunge milango anapopita mjini, asiache mkoba juu ya kiti, asitembee ufukoni usiku, na amwambie mtu mmoja anayemwamini atalala wapi. Baada ya kuyatimiza hayo, upweke huwa ni neema. Husimama anapotaka, hukaa kimya anapotaka, na hapana mtu wa kumhimiza.

Jumamosi alfajiri niliegesha gari mbele ya ufuko wa mjini, ule uitwao Maili ya Dhahabu, ili nilione jua likichomoza. Kijana aliyevaa kizibao cha manjano alinielekeza mahali pa kusimama. Aliponisikia nikijisemea neno kwa lugha yangu akanijibu kwa Kiswahili, chenye lafudhi ya Kivu, akaniambia kwamba ametoka Bukavu na kazi yake ni kulinda magari ya watu. Wako wengi kama yeye katika mji huu, wakimbizi wa Kongo na Burundi waliokuja kwa nchi kavu tangu vita vya miaka ya 1990, ambao mshahara wao ni sarafu atakazopenda kutoa mwenye gari. Nilimwahidi kwamba nitarudi Jumapili usiku, nikashuka mchangani.

Ufuko ulikuwa umejaa watu wa kila rangi: wakimbiaji, wavuvi wa ndoana, vijana wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, na waumini wenye kanzu nyeupe na mishipi ya rangi waliokuwa wakibatizana katika maji. Mgeni asiyejua angedhani mambo yalikuwa hivyo dahari. Kumbe katika siku za ubaguzi mchanga ule uligawanywa vipande kama kiwanja cha urithi, kipande bora cha Wazungu, na vingine, vilivyo mbali au vyenye mawimbi ya hatari, vya Wahindi, vya Machotara na vya Waafrika, na vibao viliwekwa kutangaza nani aoge wapi. Vibao hivyo viliondolewa mwaka 1989 tu, serikali ilipofungua fuko zote kwa watu wote, na kwa hiyo wako watu wazima wasio wazee hata kidogo waliozaliwa umbali wa kusikia mawimbi na wakakua bila ruhusa ya kuyagusa.

Kutoka mjini nilishika njia ya M4, iendayo kaskazini sambamba na bahari, nikafika Umhlanga, penye mnara mwekundu na mweupe wa taa uliojengwa mwaka 1954. Katika mji huu ndipo yalipo makao ya bodi ya papa ya KwaZulu-Natal, iliyoundwa mwaka 1964, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwezi Desemba 1957 na miezi michache iliyofuata, papa waliwashambulia waogaji mmoja baada ya mwingine katika pwani ya kusini mwa Durban, wakaua baadhi yao, na wageni wa sikukuu wakafungasha mizigo wakakimbia hata hoteli zikabaki tupu. Serikali ilileta manowari ikatupa mabomu baharini. Mabomu yakaua papa wachache na samaki wengi, na mizoga ile ya samaki ikawaita papa wengine waje kula. Hatimaye ikaonekana afadhali kutumia nyavu, kama zile ambazo Durban ilikwisha zitega tangu mwaka 1952. Watu wengi hudhani nyavu hizo ni ukuta, na sivyo. Kila wavu una urefu wa meta 200 hivi na huning'inia peke yake, papa anaweza kuuzunguka na kupita, na kazi yake hasa ni kuwapunguza. Ndiyo maana wapenzi wa viumbe vya bahari huzilaumu, kwa kuwa hunasa pia pomboo na kasa wasiokuwa na hatia.

Mbele ya Umhlanga vilima huvaa miwa. Katika majira ya mavuno mashamba huchomwa moto kabla ya kukatwa, na majivu meusi mepesi huchukuliwa na upepo yakaanguka juu ya magari na nguo zilizoanikwa. Miwa hiyo ndiyo iliyowaleta Wahindi. Tarehe 16 Novemba 1860 meli iitwayo Truro ilitia nanga Durban ikitoka Madras na watu 342, wa kwanza katika watu 152,184 walioletwa kwa mikataba ya kazi hata mwaka 1911; na wajukuu wao ndio walioupa mji huu viungo vyake, na chakula chake mashuhuri, mkate wa bofulo uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharagwe au nyama ya kondoo, ambao huliwa kwa mkono, bila sahani. Nilinunua nusu bofulo katika mji wa Tongaat, nikalila juu ya boneti ya gari, nikajimwagia mchuzi kifuani, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu hapana aliyecheka.

Kilomita sabini hivi kutoka Durban uko mji wa KwaDukuza, ambao zamani uliitwa Stanger. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya mwisho ya Shaka, mfalme wa Wazulu, na hapo ndipo nduguze, Dingane na Mhlangana, walipomuua mwaka 1828. Jiwe la kumbukumbu limesimama katikati ya mji, kati ya maduka na kituo cha mabasi madogo, na watu hulipita wakiwa na mifuko ya sukari na unga. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Groutville, nyumbani kwa Albert Luthuli, mwalimu na chifu aliyevuliwa uchifu na serikali mwaka 1952 kwa kukataa kujitenga na chama cha ANC, akawa rais wa chama hicho, na akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kuipata. Alizuiliwa asitoke katika wilaya yake hata akafa mwaka 1967 penye njia ya reli. Uchunguzi wa wakati ule ulisema kwamba aligongwa na treni. Na jamaa zake, ambao hawakusadiki kamwe, walingoja hata mwaka 2025 ndipo mahakama ikaitengua kauli hiyo, ikasema kwamba alipigwa akauawa. Nyumba yake ndogo yenye kibaraza imehifadhiwa, na nilipoketi nje yake nilifikiri juu ya mtu aliyepewa heshima na dunia nzima na kunyimwa ruhusa ya kwenda Durban.

Nilifika mto Thukela jua likianza kuinama. Maji yake ya rangi ya udongo huingia baharini yakaichafua samawati kwa umbali mrefu, na ng'ambo yake ndiyo nchi ya kale ya Wazulu. Tarehe 11 Desemba 1878, chini ya mkuyu ulioota kando ya mto huu, wajumbe wa mfalme Cetshwayo walisomewa masharti ambayo hapana mfalme angeweza kuyakubali, ikiwamo kuvunja jeshi lake; na mwezi uliofuata vita vikaanza. Aliyetuma masharti hayo alikuwa kamishna mkuu wa Waingereza, Sir Bartle Frere, na jina hilo lilinisimamisha. Frere ndiye yule yule aliyetumwa Unguja mapema mwaka 1873 kumshurutisha Sultani Barghash bin Said alifunge soko la watumwa. Na ndiye aliyepewa jina mtaa wa Freretown huko Mombasa, walikokaa watumwa waliokombolewa. Mkono uliosifiwa kwetu kwa kufungua minyororo ndio ulioandika huku barua ya vita. Sikwenda kule kumtafuta Frere, naye akawa ndiye mlango wa jambo nililolitafuta.

Nililala karibu na Ballito, katika nyumba ya wageni iliyokuwa jirani na bahari hata madirisha yalitetemeka kwa mawimbi. Jumapili niliondoka gizani, nikaupita mji wa Durban bado umelala, nikashika N2 kuelekea kusini. Njia hii ilijeruhiwa vibaya na mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 na kubomoa nyumba, barabara na madaraja, na bado makovu yake huonekana vilimani, pale ambapo udongo mwekundu ulioteremka haujaota majani.

Kituo cha kwanza kilikuwa Amanzimtoti. Husimuliwa kwamba Shaka aliposimama hapo akanywa maji ya mto alisema ni matamu. Lakini neno la kawaida la utamu, mnandi, lilifanana na jina la mama yake, Nandi, na adabu ya Kizulu hairuhusu jina la mzazi litajwe ovyo, basi akatumia neno jingine, mtoti, na mto ukaitwa hivyo. Kisa hiki hakiwezi kumpita Mswahili bila kumgusa, kwani nasi tunayo majina tusiyoyatamka mbele ya wakwe. Kadhalika lugha yenyewe ni ya ukoo wetu: mvua kwao ni imvula, nyama ni inyama, kuni ni izinkuni, na kufa ni ukufa. Hata salamu yao, sawubona, maana yake ni kwamba tumekuona, kwa wingi, ijapokuwa asalimuye ni mmoja.

Kutoka hapo pwani huwa ya miamba na vijito, na miji yake ni midogo, yenye vibanda vya wavuvi na nyumba za wastaafu. Umkomaas huitwa kwa jina la mto Mkhomazi, ambalo husemwa kuwa maana yake ni mahali pa nyangumi majike, kwa kuwa zamani walionekana mlangoni mwake na watoto wao. Mimi niliwaona mbali kidogo, karibu na Scottburgh: kwanza moshi wa pumzi, kisha mgongo mweusi, kisha mkia uliosimama kama tanga na kuzama. Kuanzia Juni nyangumi hao hupanda kutoka bahari ya barafu kwenda kuzaa katika maji ya moto ya Msumbiji na hata Unguja, na Novemba huteremka tena. Njia ambayo jahazi halikuiweza wao huipita kila mwaka, kwenda na kurudi.

Katika miezi hii hii hupita sadini, samaki wa jamii ya dagaa-papa, ambao huifuata kamba ya maji baridi yanayopanda kutoka kusini kando ya pwani, wakifuatwa na pomboo, papa na ndege wapigao mbizi. Mwaka mwingine husogea hata mchangani, na hapo watu huingia majini na vikapu, ndoo, kofia na pindo za nguo zao. Mwaka mwingine hupita mbali, na wavuvi wakabaki wakitazama ndege. Siku yangu ndege walikuwa mbali. Nilikwenda hata Port Shepstone, mlangoni mwa mto Mzimkhulu, nikanywa chai, nikageuza gari.

Alasiri nilipanda Bluff, mlima mrefu mwembamba unaoikinga bandari ya Durban na bahari. Kwa upande mmoja ziko mashine za kupakia makaa. Kwa upande mwingine, penye mchanga mtupu, yako masalia ya kituo cha kuchinjia nyangumi, kilichofanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 20 hata mwaka 1975. Nje ya bandari meli zilikuwa zimetia nanga kwa safu zikingoja zamu. Zamani zilingoja kwa sababu nyingine: fungu la mchanga liliuziba mlango wa ghuba, na vyombo vikubwa havikuweza kulivuka kabla ya kuchimbwa, mwaka 1904 ndipo meli kubwa ya barua ilipoingia kwa mara ya kwanza, na kabla ya hapo abiria waliteremshwa kwa vikapu vya kusukwa katika mashua, bahari ikiwarusha juu na chini.

Mbele ya mlango huo ndipo walipofika Wazanzibari. Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko tarehe 5 Juni 1873. Manowari za Uingereza zikaendelea kuyakamata majahazi yaliyovusha watu kwa siri. Na koloni la Natal, ambalo Durban ilikuwa bandari yake, lililokuwa na njaa ya vibarua, likaomba lipewe waliookolewa. Mwezi Agosti mwaka ule ule liliteremshwa kundi la kwanza, la watu zaidi ya 100, na katika miaka michache wakafika wapatao 500. Wengi wao hawakuwa watu wa Unguja, bali Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waliitwa Wazanzibari kwa sababu ya mahali walikotumwa kutoka, kama vile mzigo unavyopewa jina la bandari. Waliokombolewa utumwani wakaandikiwa mikataba ya kazi ya miaka kadhaa kabla ya kuwa huru kweli kweli, na hapo ndipo mtu anapouliza ukombozi ulianza siku gani.

Walio Waislamu miongoni mwao walijikusanya hapa Bluff, mahali paitwapo King's Rest, yaani Pumziko la Mfalme, katika ardhi iliyonunuliwa kwa ajili yao na wakfu wa msikiti mkuu wa Wahindi wa mjini. Wakajenga msikiti, wakazika wafu wao, wakakisema Kimakua nyumbani na kukichanganya na Kiswahili, wakavua samaki. Ilipokuja serikali ya ubaguzi, iliyotaka kila mtu awe na kundi na kila kundi liwe na mtaa, maofisa wakahangaika kuwapa jina. Na mwaka 1961 wakawaandika kuwa ni Waasia Wengineo, watu wa asili ya Afrika waliogeuzwa Waasia kwa wino. Karatasi hiyo iliwaepusha na vitambulisho vya kupitia walivyobebeshwa Waafrika wengine, lakini haikuwaepusha na kuhamishwa: Bluff ikawa ya Wazungu, nao wakapelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi ulio bara, juu ya vilima, ambako bahari haisikiki.

Nilifika Chatsworth adhana ya Magharibi ikisomwa. Barabara hupanda na kushuka kati ya nyumba ndogo zilizobanana, kila moja na ngazi zake, na nilipomwuliza njia mzee aliyevaa kofia alinionyesha bila kustaajabu, kwani si mimi wa kwanza kuja na swali hilo. Wajukuu wa wale wa mwaka 1873 bado wako hapo na bado wanalo jina lao. Na katika mtaa huu huu, mwezi Aprili 2015, wageni wa Kiafrika walipofukuzwa majumbani mwao kwa fujo mjini Durban, yalipigwa mahema ya kuwahifadhi, na miongoni mwa waliolala ndani ya mahema hayo walikuwamo Wakongo na Warundi wenye kusema Kiswahili. Basi lugha yetu imefika Durban mara mbili, na mara zote mbili haikuja na mizani ya mfanyabiashara, bali ilikuja katika vinywa vya watu waliookolewa au waliokimbia. Na mara zote mbili ikaonyeshwa njia ya vilima hivi.

Nilirudi mjini usiku. Kijana wa Bukavu alikuwa pale pale, na kizibao chake cha manjano kiling'aa katika mwanga wa taa zangu. Aliniuliza nimefika wapi, nikamtajia Thukela na Port Shepstone. Akaniambia kwamba yeye, katika miaka yote aliyokaa Durban, hajapata kufika hata Umhlanga, ijapokuwa magari aliyoyalinda yanatoka huko kila siku. Kisha akanielekeza kwa mikono yake miwili, nyuma kidogo, kushoto, basi, nikasimama. Nilipofungua mlango, upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa ukitoka baharini, wenye chumvi na joto kidogo, ambao nahodha wa Kilwa angeuita kaskazi bila kusita. Lakini wenyeji husema kwamba hapa hudumu siku moja au mbili, kisha hugeuka. Na jahazi halingeweza kuutegemea.